Nyaya za Mbwana

Mbwana alimalizia ujana wake Ujerumani, kwenye kiwanda cha nyaya zinazopitisha umeme bila kupoteza hata chembe, mradi zipozwe kwa baridi kali kushinda barafu. Aliporudi Keko, maseremala jirani zake walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye randa zao. Mkewe, aliyekuwa akimwelewa, alishafariki.

Mwaka huu maumivu ya mgongo yalimpeleka hospitali kupigwa picha kwenye mashine kubwa ya sumaku.

“Binti, sumaku hii imezungushiwa nyaya kama tulizokuwa tukitengeneza sie,” alimwambia muuguzi.

“Sawa, babu. Usitikisike tu.”

Mlango ukafungwa, mashine ikaanza kugonga. Mbwana akatulia tuli, akawa anawaita wenzake wa kiwandani kwa sauti ya chini: Helmut, Dragan, Yilmaz.