Miguu Yangu Ni ya Kurse Nne

Ukija kwangu Mangobo, usingoje nikusindikize. Mlango umeuona ukiingia. Utoke kwa huo huo.

Nilizaliwa Yanonge, mtoto wa kwanza wa mvuvi. Shule sikuiona, baba alinitaka kwenye nyavu. Nilikuja Kisangani na miaka kumi na saba, nikabeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa. Kisha nikapata baiskeli, nikawa mtu wa toleka. Miaka ishirini na miwili nimepakia watu nyuma yangu, Mangobo mpaka soko la Makiso, kwenda na kurudi. Goti la kushoto lilikufa kwanza. La kulia likalifuata.

Mtu wa toleka hahesabu siku kwa saa. Anahesabu kwa kurse. Kurse ni kumpakia mtu na kumfikisha. Asubuhi unajipima mapajani, unajua: leo miguu iko na kurse ishirini, leo kumi na tano. Ukipakia mama mnene na ndizi zake, zinaondoka mbili kwa mara moja. Ukisimama juu ya pedali kwa sifa, wasichana wakuone, saa nane utalala kando ya barabara.

Sasa niko na miaka sabini na moja. Naamka na kurse nne. Si tano.

Florentine, mke wangu, ndiye aliyekuwa anazigawa. Mimi sikujua kukataa watu. Mtu akija kuniita nikamsaidie kuezeka, Florentine anatoka mlangoni na mwiko mkononi: "Constant hayuko." Na mimi niko pale, mgeni anaona miguu yangu chini ya meza. Aliniambia, nguvu ya mtu ni chupa ya mafuta ya mawese, usimimine kwa kila mwenye sufuria.

Alikufa miezi sita sasa. Homa ya siku tatu. Sisemi zaidi.

Aliacha shamba la mihogo, kilometa ya tisa, barabara ya Yangambi. Udongo ni wa upande wa mama yake. Sheria ya pale ni fupi: mke akifa, mume akiendelea kulima, anabaki. Akiacha, udongo unarudi kwa ukoo. Kapita, mkubwa wa kijiji, anakuja siku moja kuangalia. Anataka kuona vitu viwili: majani ya pori yameondolewa, na mtu amesimama katikati na jembe. Shamba lisilo na mtu siku ya kapita ni pori.

Mihogo ile aliipanda yeye, miezi mitatu kabla ya homa. Hakuna kitu kingine cha mikono yake ambacho bado kilikuwa kinaota. Kwa hiyo niliamua: shamba hili haliendi kwa mtu.

Kwenda shambani, kurse moja: toleka mpaka darajani, kisha miguu ndani ya njia ya matope. Kupalilia, moja. Kurudi, moja. Inabaki moja. Hiyo moja dunia nzima iliigombania.

Binti yangu Benie alitaka niende naye kwenye maombi ya wafiwa. Kanisa lilitaka nisimame mbele niseme asante. Wageni walitaka kunifariji. Wanakuja, wanakaa, wanasema "pole" mara saba, wanakula. Kisha wanasimama, na ubaya unaanza hapo. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Unatoka naye mpaka kwenye pompe ya maji. Akiwa mtu mzima, mpaka barabara kubwa. Akiwa wa ukweni, unangoja mpaka apande baiskeli na mgongo wake upotee. Wageni watatu ni kurse moja. Nilikuwa napokea sita kwa siku. Kesho yake nafika shambani, jembe linanishika mimi, si mimi ninayelishika.

Nikaacha kusindikiza.

Wa kwanza kuonja alikuwa Papa Ismaël, jirani wa uzio wa nyuma.

"Papa Constant, miye naenda, eh."

"Nenda."

"Naenda peke yangu?"

"Ulikuja na nani?"

Alicheka kwa nguvu mpaka watoto wakageuka. "Huyu mufiwa iko na meno! Bon, nitajisindikiza mwenyewe. Ismaël, twende! Ndiyo, Ismaël, tangulia!" Alitoka akiongea na kivuli chake. Nilikaa. Kurse yangu ilikuwa bado mapajani.

Benie hakucheka. "Papa, watu wanasema."

"Waseme wakitembea."

"Mama angeona haya."

"Mama yako angewaambia siko."

Wiki tatu zilienda hivyo. Shamba lilisafika. Kapita alikuwa amesema atakuja siku ya posho, ile ya sita ya wiki, na ilipofika siku ya pili ya wiki hiyo nilikuwa nimemaliza sehemu yote ya juu. Ilibaki ya chini, kando ya kijito, majani mpaka kiunoni. Nikapanga kama mtu wa toleka anayejua mlima uko mbele. Siku ya tatu, nalala, miguu ipone. Siku ya nne na ya tano, naua majani ya chini. Siku ya posho, nasimama katikati na jembe.

Siku hiyo ya pili, saa kumi, aliingia Chantal. Ni dada mkubwa wa Florentine, miaka sabini na sita, anaishi kulekule kilometa ya tisa, kwa mama ya Désiré. Désiré ni mtoto wa ndugu yao, mwanaume wa miaka thelathini na tano, mabega kama mlango. Naye alikuwa tayari amekaa kwangu tangu saa nane. Hakusema amekuja kwa nini. Alikula samaki wangu, akauliza magoti, akauliza nalala vizuri, akauliza nitaenda shambani lini tena.

"Nikitaka," nikamwambia.

"Pumzika, papa. Shamba halikimbii."

Chantal alipomuona Désiré, alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikula kidogo. Aliongea habari ya mvua na ya mbuzi wa kanisa. Kisha akasimama, akaniita kama shemeji anavyoita shemeji.

"Semeki, unisindikize kidogo."

"Njia unaijua."

"Njia naijua. Unisindikize tu mpaka kwa pompe."

"Miguu haiko."

"Miguu haiko ao roho haiko?"

Désiré akacheka. "Mama, umuache muzee. Miye nitakusindikiza."

"Sikukuita weye," Chantal akamwambia. Akanigeukia tena. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Constant. Mpaka kwa mlango wa uzio tu. Hatua kumi."

Hatua kumi. Nilijua zinavyofanya. Hatua kumi zinakuwa pompe, pompe inakuwa barabara. Nikaegemea kiti.

"Enda vizuri," nikasema.

Aliniangalia. Akaenda, na Désiré akatoka nyuma yake karibu karibu, kama mtu anayechunga mbuzi.

Siku ya tatu nililala. Nilikula, nikalala tena. Niliona miguu inarudi. Nilifurahi, niseme ukweli. Mara ya kwanza tangu Florentine.

Siku ya nne nilifika shambani mapema. Nilikuta vijiti vimechomekwa mipakani, juu ya kila kijiti ukanda wa jani la mchikichi. Désiré alikuwa katikati ya mistari na kamba, anapima.

"Unafanya nini hapo?"

"Papa Constant. Kapita alipita jana. Alikuta mutu hakuna."

"Kapita anakuja posho!"

"Alibadilisha. Posho anaenda Isangi kwa kilio. Alituma neno kwa familia."

"Neno hilo nani alilibeba?"

Désiré alivuta kamba yake. "Miye," akasema.

"Ulikaa kwangu saa mbili nzima, hukusema."

"Uliniambia utaenda shambani ukitaka. Donc nilimwambia kapita, muzee amechoka, hataki tena." Alisema bila kunikwepa macho. "Weye uko peke yako, papa. Miye niko na watoto wanne. Mpunga unataka udongo wa chini wenye maji. Utafanya nini na hii yote?"

Nilimtukana. Maneno yale siyaweki hapa. Aliyapokea yote kama mvua, akaendelea kupima.

Nikaenda kwa kapita. Alikuwa anafunga mzigo wake wa safari. Kuku wa Désiré alikuwa amefungwa miguu kando ya mlango, nilimwona.

"Nilikaa pale jua lote," kapita akasema. "Majani ya chini yanafika kiunoni, mutu hakuna."

"Nilidanganywa siku!"

"Hilo ni la nyumba yenu. Mbele ya watu neno nimelitoa, haliingii tena mdomoni. Mihogo iliyosimama ni yako, uing'oe mpaka mwisho wa mwezi. Udongo si wako."

Nyumba ya mama ya Désiré ilikuwa hatua chache kutoka pale. Chantal alikuwa nyuma, peke yake, anachambua majani ya muhogo. Sikumsalimia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikula samaki yangu na ulijua!"

"Nilikuja sababu nilijua. Ningesema mbele ya Désiré? Miye nalala kwa mama yake, nakula kwa chungu yake. Nilikuomba mara tatu."

"Uliomba kusindikizwa! Hukusema shamba!"

Aliweka majani chini. "Constant, weye ni mutoto wa Yanonge. Toka lini neno la kweli linasemwa kwa kiti? Linasemwa njiani. Ni sababu gani watu wanasindikizana, weye unafikiri? Kuonyeshana barabara?"

"Ungerudi kesho yake asubuhi."

"Na miguu gani?" Alipiga paja lake kwa kofi. "Miye niko na sabini na sita. Kufika kwako nilimaliza nguvu ya siku mbili. Jana sikutoka kwa kitanda. Unafikiri ni weye peke yako mutu wa kuhesabu miguu?"

Kofi lile nalisikia bado. Sikumwomba msamaha. Yeye hakunipa. Alichukua majani yake, nikaondoka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Kurse zote nne niliziweka kule. Maji Benie alichota. Maombi sikwenda. Mlango niliufunga kwa kamba. Mihogo ilikuwa ya miezi minane, bado michanga, mingine myembamba kama kidole gumba. Nilivuta, nilikata, nilifunga mafungu, mtu wa toleka akayabeba. Benie aliloweka, akatwanga, akafunga kwanga, mikate ya muhogo ndani ya majani, ndogo ndogo. Zilikuwa na uchungu kidogo.

"Papa, utakufa sababu ya mizizi hii," Benie akasema.

"Kula."

Siku ya mwisho Désiré alikuja akasimama ukingoni. Ilikuwa imebaki mistari sita, ile ya kando ya kijito.

"Papa, uniache nikumalizie. Miye niko na nguvu. Saa moja tu, yote inatoka, nakuletea mpaka nyumbani."

"Ondoka kwenye mistari ya mke wangu."

"Papa, usiku itakuwa yangu tu."

"Usiku haijafika."

Alirudi nyuma hatua mbili. Nikang'oa mche mmoja. Nikang'oa wa pili. Wa tatu nilivuta, haukutoka. Nikashika chini zaidi, nikavuta tena kwa mgongo. Haukutoka. Nikakaa kwenye matope, na yeye anaangalia, na sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Mistari sita ilibaki. Ameilima yote, amepanda mpunga juu yake. Unaota vizuri, wanasema.

Kanisani wanasema mzee Constant amekuwa mutu mubaya. Waache. Asubuhi naamka, najipima mapajani, ziko nne. Nakaa nazo mpaka jua linazama. Hakuna wa kuzigombania.