Nilivyompandisha Zughuna Mwanda Kumtafutia Chakula

Nianze kwa kukiri ujinga wangu, kabla mwingine hajaniwahi kuusema. Nilichora mnyama mkubwa kama fahali, nikampa pembe tatu, kope mbili kwa kila jicho na manyoya ya kijivu yanayoshuka hadi kwenye kwato. Nikamwita zughuna. Nikaandika kwamba anaishi kwenye milima ya Taita. Halafu nikasahau kwamba ana tumbo.

Jumatatu mhariri wangu akapiga simu. "Huyu anakula nini?"

Sikuwa nimefikiria. Nikajibu haraka: "Ukungu."

Akarudia: "Fahali anakula ukungu. Sawa. Mwakio, wanyama kumi na mmoja wa kitabu chako nimewapitisha. Huyu wa kumi na mbili ndiye wa jalada. Ijumaa ikifika kama hana chakula cha maana, naweka joka."

Joka! Mtu umekaa miezi minane ukibuni viumbe ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, halafu jalada lipewe joka, ambalo kila mtoto ashalichora nyuma ya daftari la hesabu. Shida ni kwamba hiyo milima naiona kila siku nikianika nguo hapa Voi, na sijawahi kuipanda. Mimi ni Mdawida, yaani Mtaita, wa kitambulisho tu. Baba alishuka kutafuta kazi, nikazaliwa kwenye joto, na safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa ya kwenda sokoni kununua kalamu za rangi.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Mama Mutua. Yeye huuza mboga, na kila Jumanne hupanda Mwanda, juu kwenye hiyo milima, na pikapu yake kuchukua kabichi, analala huko na kushuka kesho yake. "Twende tu," aliniambia. "Lakini ukitapika kwenye kona, turubai unafua wewe."

Jumanne, saa nne asubuhi. Tulitoka Voi jua likiwa limeshakasirika. Tulipita mkonge, mkonge, na mkonge tena, hadi Mwatate, ndipo barabara ikaanza kupanda na kujikunja. Nilikuwa na mchoro magotini na maswali mengi. Mnyama wa kilo mia sita anashukaje mteremko kama huu mvua ikinyesha?

"Matako kwanza," alisema Mama Mutua bila kugeuza kichwa. "Kama wewe utakavyoshuka ukienda chooni kwa Mama Mghoi."

Baada ya Wundanyi nilivaa sweta. Baada ya sweta nilijifunika lile turubai.

Alasiri, Mwanda. Mama Mghoi, mkulima wa kabichi ambaye angetulaza, alikuwa shambani, kwenye matuta yaliyochimbwa moja juu ya lingine kama ngazi. Alinisalimia kwa Kidawida. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akamgeukia Mama Mutua.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ni wenu. Alipotelea Voi."

Nilimweleza shida yangu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye leso, akaushika mchoro na kuuangalia vile mtu anavyomwangalia ng'ombe kabla ya kumnunua: miguu kwanza, mgongo, kisha kichwa.

"Meno ya mbele ya juu anayo?"

"Sijui, mama."

"Mnyama ni wako na hujui? Anacheua?"

Nilisema anacheua, kwa sababu ilionekana ndilo jibu analolitaka.

"Basi anahitaji pa kulala akicheua. Umemweka kwenye mteremko mtupu. Mchoree tuta."

Nilimchorea tuta pale pale, nimesimama. Tulipokula kimanga, ile ya mihogo na maharagwe, alirudia swali la mhariri: anakula nini? Nikasema labda nyasi, ile laini ya asubuhi yenye umande, ili asihitaji kutafuta maji. Nilijiona mtaalamu. Mama Mghoi akaniongezea kimanga.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifungua mlango nikakuta dunia haipo. Ukungu ulikuwa umemeza matuta, pikapu na choo. Nilisikia ng'ombe wakilia zizini, maana huku wengi hufungiwa na kuletewa chakula, nikaamua kuonyesha kwamba mgeni naye ana adabu. Nilikanyaga samadi mara mbili nikiwatafuta. Kando ya zizi kulikuwa na rundo la nyasi za kupandwa, ndefu, zimetoka kukatwa, zinadondoka maji. Nikakumbatia mzigo, nikaunyanyua niutupe horini.

"Weka chini!" Mama Mghoi alitokea ukunguni na panga mkononi. "Wewe! Unataka kuniulia ng'ombe?"

Niliweka chini. Na mikono pia niliiweka chini.

Akanionyesha kichanja cha miti, kimeinuliwa kutoka ardhini. Pale ndipo nyasi hutandazwa hadi zinyauke. Ng'ombe akila mbichi zenye maji, alisema, tumbo linajaa upepo. "Ndama wangu alifura hivi," akapanua mikono, "akaanguka hapo uliposimama. Watu wa huku hatulishi nyasi ya asubuhi, asubuhi hiyo hiyo. Asubuhi wanakula ya jana."

Nilimfikiria zughuna wangu, amefura, amelala chali na pembe zake tatu. Ningemuua ukurasa wa kwanza.

Nilikaa juu ya ndoo nikitazama kile kichanja. Upepo ulikuwa unapita chini yake na juu yake. Je, kama mbavu za zughuna hazikujikunja ndani zote? Kama chache zimetokeza juu ya mgongo, ngumu kama fito? Anang'oa nyasi alfajiri, anajirushia mgongoni kwa mkia, anatembea nazo. Ukungu ukiondoka zinakauka. Jioni analala kwenye tuta, anageuza shingo, anakula, anacheua. Shingo ikabidi iwe ndefu. Nikaichora hivyo.

Mama Mghoi alichungulia. "Na hayo manyoya ya mgongoni? Yatashika maji yalowanishe nyasi upya."

Nikayafuta.

"Haya," akasema. "Sasa huyo anajitunza kuliko mume wangu."

Saa tano tulishuka na kabichi nyuma yetu. Sikutapika. Alhamisi nilichora kutwa nzima, na Ijumaa asubuhi nikatuma. Kabla ya saa sita mhariri akajibu: "Joka nimelitoa. Zughuna ndiye wa jalada."

Nilichojifunza ni kidogo lakini nakishika. Mnyama wa kubuni haanzi na pembe. Anaanza na anavyoshinda siku yake, na hilo unalipata kwa mtu anayeamka kulisha wa kweli. Hata mimi, niliyekuwa sitoki Voi, nimeshauliza pikapu inapanda lini tena.

Kwa furaha nilimpelekea Mama Mutua ule mchoro sokoni, nikamwambia sasa mnyama amekamilika, hana kasoro. Aliacha kupanga kabichi. Aliutazama mbele, akautazama nyuma, akatazama tena chini ya mkia, kisha akanirudishia.

"Mwakio, kula umempa, kucheua umempa, hata kichanja umempa. Sasa huyu atakunya wapi?"