Rubani wa Likasi na mkono uliotangulia kichwa

Vumbi jekundu linatimka, ndege ndogo inadunda mara moja, kisha inatulia kwenye kiwanja kilicho nje kidogo ya Likasi. Cédrick Kitenge anakanyaga breki taratibu, jasho likimtoka. Pembeni yake ameketi Madame Berthe, mkaguzi kutoka Lubumbashi. Leo ndiye atakayeamua kama Cédrick atabeba tena abiria.

"Volets!" anaamuru Madame Berthe, ndege ingali mbioni.

Volets ni vibao vya nyuma ya mabawa, vinavyoshushwa ndege inapotua ili iende polepole. Vikipandishwa ndege ikishagusa ardhi, uzito wote hukalia magurudumu na breki hushika vizuri. Ndiyo maana rubani mwenye haraka huvikimbilia.

Cédrick anaijua haraka hiyo. Mwaka jana, akitua papa hapa, alitaka kupandisha volets, akavuta kishikio cha jirani, kile cha magurudumu. Magurudumu yakakunjika, ndege ikakaa chini kwa tumbo kama kuku anayeatamia.

"Ile siku mukono yangu ilitangulia kichwa," husema kila anapoisimulia, akicheka kwa aibu.

Hakuna aliyeumia. Abiria mmoja, Mama Albertine, muuza samaki wakavu, hata alimshukuru. "Pilote, aksanti sana! Umeishusha mpaka chini. Magoti yangu inaumaka."

Kwa miezi minane Cédrick aliosha ndege na kupakia mizigo, akiwatazama wenzake wakiruka. Iliuma, jamani.

Siku hizi, akishatua, hutoka kwanza kwenye piste, yaani njia ya kutulia ndege, husimama kabisa, hugusa kishikio, hukitaja kwa sauti, ndipo hukipandisha. Desturi hiyo imemfuata hadi nyumbani, maana kwa Kifaransa volets ni pia vibao vya kufungia madirisha.

"Nikimuambia afunge volets, anasimama, anagusa, anataja," hulalamika mkewe, Fidélie. "Mbu yote inaisha kuingia!"

"Volets, nimesema!" anafoka sasa Madame Berthe, ndege bado ikikimbia.

"Bado, Madame. Tutoke kwanza mu piste." Kumkatalia mkaguzi si mchezo.

Ndege inakata kona, inatoka njiani, inasimama. Cédrick anagusa. "Volets," anataja, na kuvipandisha.

Madame Berthe anafungua mkanda. "Mukono yako ingeenda, ningekurudisha ku kuosha ndege. Kesho beba bantu."

Cédrick anataka abiria wake wa kwanza awe Fidélie. Anampigia simu hapo hapo, machozi yakimlengalenga.

"Nitapanda," anajibu mkewe. "Lakini ile mukono, miye nitaikalia mpaka tusimame."