Kisanduku cha Ncha Zinazong'aa

Mama hakufumba jicho usiku huo. Binti yake, fundi milango, alikuwa akiweka mlango mpya wa duka la dawa ambalo lilipaswa kufunguliwa asubuhi, na ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Alikwenda na zawadi aliyopewa na mama: kisanduku cha ncha ishirini za bisibisi, zinazong'aa kama vito.

Baba ndiye aliyemtia wasiwasi, walipokuwa wakila.

"Ncha zile laini, mke wangu. Zinalika upesi, kisha zinachimba kichwa cha skrubu. Haiingii tena wala haitoki."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Uliniuliza? Ulipenda kisanduku."

Simu ya binti haikupatikana. Mama akawa anauona mlango umening'inia kwa bawaba moja, na mwanawe akifokewa mbele ya watu.

Kulipopambazuka akasikia hatua nje. Akalikimbilia komeo, mkono ukasita.

"Mwanangu, zimekuharibia kazi?"

"Fungua, mama, nimechoka."

"Niambie kwanza!"

Nje kukasikika kicheko. "Nilizipima kwa tupa ya kunolea vyuma siku ileile uliyonipa. Tupa ikazila kama sabuni. Mlango nimeufunga kwa ncha zangu ngumu, umekaa sawasawa. Simu iliisha chaji tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

"Na zangu umezitupa?"

"Nizitupe? Ndizo ninazotobolea mirija ya gundi. Hazijaniangusha hata siku moja."

Mama akavuta komeo, anacheka huku anajifuta macho, na mlango ukafunguka.