Shemeji aliniuzia four-wheel isiyovuta mbele

Wakuu, hamjambo. Naona humu watu wanauliza sana kuhusu pikapu za zamani za kuvuta trela. Wacha niwape yaliyonipata miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi, haihitaji.

Niko Kakamega, upande wa Kabras. Shamba letu la miwa linashuka mpaka mtoni. Mteremko wenyewe, ukipanda na mzigo mgongoni unashika nyasi kwa mikono.

Trekta za miwa zilikuwa zinafika juu barabarani, dereva anachungulia bonde, anasema "huku siendi", anageuza. Miwa iliyokatwa inakauka huko chini, uzito unapotea, na sisi tunaangalia tu. Mkulima wa miwa anajua huo uchungu.

Ndio nikaanza kutafuta four-wheel ya mkono wa pili, pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Javan, kaka ya mke wangu, alikuwanga na moja mjini. Ya zamani, lakini bodi safi, injini inanguruma vizuri.

"Shemeji, hii hata ukuta inapanda," aliniambia. "Kama si wewe, singeuza."

Tuliijaribu kwenye lami. Nikavuta ile gia ndogo ya four-wheel, ikaingia laini. Mama Violet, mke wangu, akauza ng'ombe wake wa maziwa tukaongezea. Alisema kaka yake hawezi kutudanganya.

Kiangazi ilifanya kazi bila maneno. Udongo mkavu, trela nusu, tunapanda.

Halafu mvua ikaanza.

Siku hiyo nilipakia trela, nikaingiza four-wheel, nikaanza kupanda. Mama Violet alikuwa anafuata kando na jiwe la kuzuia gurudumu, vile tulikuwa tumezoea.

Katikati ya mlima, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Ya mbele, kimya. Nikakanyaga mafuta, wapi. Gari likaanza kurudi, breki nimeshika lakini matope yanatubeba.

Nikasikia, "Baba Violet! Ngoja!"

Trela ikapinda, ikalala, ikavuta pikapu nayo ikalala ubavu.

Nilitokea dirishani. Mguu wa Mama Violet ulikuwa chini ya miwa.

Majirani walikuja mbio, tukaitoa ile miwa kwa mikono, wakang'oa mlango wa nyumba, wakambeba juu yake mpaka barabarani. Nilirudi kuchukua viatu vyake. Hapo ndipo nilipoona tumbo la gari.

Wakuu, propela ya mbele, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwa magurudumu ya mbele, haikuwepo. Mtu aliifungua, akarudisha bolti, akazipaka grisi. Ile gia niliyokuwa navuta ilikuwa inavuta hewa.

Javan alikuja hospitalini na ndizi na maombi. Nikamngoja nje ya wodi, nikamuuliza. Hata hakukana.

"Iliharibika, nikaitoa. Lakini shemeji, wewe hukuuliza."

Hukuuliza!

Mama Violet alipona, ila mguu haukunyooka tena. Kule mtoni hajawahi kushuka tena. Pikapu ilienda kwa watu wa vyuma vikuukuu, miwa tukang'oa, tukapanda miti.

Yeye alimsamehe kaka yake. Javan akija, alikuwa anamchinjia ingokho, kuku wa mgeni wa heshima. Mimi nilikuwa nachukua jembe naenda shambani mpaka aondoke. Miaka yote hiyo.

Juzijuzi Javan alifariki. Mazishini wakaniita niseme kidogo kama shemeji. Nikashika maiki. Mama Violet alikuwa amesimama karibu na jeneza, ameegemea fimbo, analia.

Nilitafuta neno moja zuri la kusema juu ya yule mtu. Nikakosa. Nikasalimia watu, nikarudisha maiki, nikakaa.

Tulirudi nyumbani. Mpaka leo Mama Violet ananipakulia chakula, anaenda kukaa nje.

Funzo langu: ukinunua four-wheel, lala chini uangalie kwa macho yako, halafu ipandishe mlima wenye matope ikiwa na trela. Fanya hivyo hata kama muuzaji mmekula naye sahani moja. Hasa huyo.

Haya, semeni. Wewe ungepewa ile maiki, ungesema nini?