Ladan, Aliyevunja Harusi ya Dadake

Ukiwauliza Wasomali wa Kenya walioko Birmingham habari za Ladan dereva wa basi, watakwambia jambo moja tu: ndiye aliyevunja harusi ya mdogo wake. Hawatakwambia jinsi anavyoliendesha basi kutoka Erdington hadi mjini, hijabu kichwani, huku wanaume wa ukoo wake wakiogopa hata kuuliza njia kwa Kiingereza. Hilo halina utamu. Basi ngoja niwaambie mimi, maana nimechoka kusikia uongo huu ukipashwa moto kila harusi na kila msiba.

Ladan aliolewa na Abdow, mtoto wa mjomba wake. Kwao ndivyo ilivyo tangu Mandera: binti hatolewi nje kama binamu yupo. Wakapata mtoto, Sahal, mnene, mcheshi, kila kitu anataka kukishika. Kabla hajatimiza mwaka akashikwa na homa, homa hii hii ya kawaida ya watoto, na ilipokwisha shingo ilikuwa imelegea na mikono inajipinda yenyewe. Hajawahi kukaa wala kusema tangu hapo.

Daktari wao katika hospitali kubwa upande wa Harborne, mama mmoja aitwaye Rajni, aliwaeleza taratibu. Ni ugonjwa wa kurithi. Mwili wa mtoto unashindwa kusaga sehemu ya protini, na homa ikija, sumu inapanda kwenye ubongo. Mama anabeba nusu, baba anabeba nusu, wote wazima wa afya. Nusu mbili zikikutana kwa mtoto mmoja, ndiyo hayo. Akawaambia kuna watu Marekani, Waamishi, Wakristo wa mashambani wasiotaka magari, wanaooana wenyewe kwa wenyewe na kuzaa watoto wengi, na ugonjwa huu huu umewakaa. Lakini wao walikubali kupimwa, wakawataja watoto wao wagonjwa kwa majina. Sasa mtoto wao akizaliwa anapimwa mapema, analishwa chakula chake maalum, na homa ikija anakimbizwa hospitali. Wengi wanatembea. Hata Uingereza kipimo hicho kimeanza, ila Sahal alizaliwa kabla.

"Watu wa mikokoteni ya farasi!" Ladan alimwambia Abdow wakirudi nyumbani. "Na sisi wenye simu za bei mbaya tunamficha mtoto chumbani wageni wakija."

Basi mwaka 2016 Mama Mumina, mamake Ladan, akatangaza kwamba Rukiya, kitinda mimba wake, ataolewa na Dagane, mdogo wake Abdow. Nyumba ile ile, damu ile ile! Tena wakishaoana wangehamia Nairobi, kwenye duka la Dagane kule Eastleigh, ambako hakuna ambaye angempima mtoto wao mchanga. Rukiya alimpenda yule kijana hadi akawa anacheka peke yake jikoni. Ladan akamwona Sahal mwingine anakuja.

Akapanda hadi ghorofani kwa mamake, mtaa wa Ladywood.

"Mama, sisemi wasioane. Nasema wapimwe damu kwanza, wote wawili. Ni sindano tu."

"Tukiwapima, watu watauliza kwa nini," Mama Mumina akajibu. "Tukisema kwa nini, nani atawaoa binti zetu? Sahal ni mapenzi ya Mungu. Funga mdomo."

"Na daktari je, si Mungu huyo huyo aliyemleta?"

"Nimesema funga!"

Hakufunga. Abdow alimwambia, "Wewe sema, mimi niko nyuma yako." Siku pande mbili zilipokaa kupanga harusi, Ladan aliingia amempakata Sahal, akamlaza kwenye zulia mbele yao, akaeleza yote. Mama mkwe wake akasimama, akajifunga mtandio.

"Kumbe binti zenu ndio wenye ugonjwa!"

Binti zenu! Kana kwamba Abdow wake hakuleta nusu yake. Ladan akamgeukia mumewe aseme neno, na yule aliyeahidi kuwa nyuma yake akawa anatazama soksi zake. Huyo mwanamume ningepewa dakika mbili naye, wallahi!

Harusi ikafa hapo hapo, na hakuna aliyepimwa. Dagane akaondoka kwenda Nairobi bila kuaga. Rukiya akajifungia chumbani, na alipotoka hakumsemesha dadake tena. Simu za Ladan zikawa hazipokelewi. Akipika mahamri akiyapeleka Ladywood, anasikia nyayo zikija hadi mlangoni, zinasimama, zinarudi. Hakuna aliyemwambia toka, lakini walimtoa.

Upande wa mjomba haukumtaka Rukiya tena, kwa hiyo akaolewa na Tahlil, fundi magari aliyekulia Mombasa, mtu wa ukoo mwingine kabisa ambao Mama Mumina alizoea kuucheka. Wakapata mtoto wa kiume. Homa zilimjia zikaenda zake. Ladan aliposikia mtoto ameanza kukimbia alishindwa kujizuia. Siku ya Idi mwaka 2019 akamsukuma Sahal kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwa mamake. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya wageni.

Mama Mumina alipomwona akamnyanyua yule mjukuu juu.

"Haya, tazameni! Damu yetu safi. Ugonjwa uko wapi? Huyu Ladan alimharibia mwenzake bure, kwa wivu tu."

"Rukiya, wewe unajua," Ladan akasema. "Tahlil si wa damu yetu. Ndiyo maana mtoto..."

"Ninachojua nilikuwa na mwanamume niliyempenda," Rukiya akamkatiza, mara yake ya kwanza kumsemesha tangu siku ile. "Na mwanangu huyu hapa mzima. Nionyeshe basi ulichoniokoa nacho."

Angemwonyesha nini, masikini? Mtoto ambaye hakuzaliwa? Mama Mumina akamweka mjukuu chini, naye akatimka mbio kwenye zulia akipiga kelele za furaha, moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Sahal. Wageni wakacheka. Na Ladan, aliyepoteza ndugu zake wote ili mtoto kama huyu akimbie, akajikuta anaomba moyoni, astaghfirullah, aanguke asiinuke.

Hakuanguka. Alishika gurudumu kwa mikono miwili akamchekea Sahal. Ladan akambandua vidole polepole, akageuza kiti, akatoka kabla mtu hajamtazama usoni.