Chipu Haina Shemeji

Katika banda lile la kupokea pilipili hoho hapakuwa na mtu aliyempenda Bi Mkali, na mwenyewe hakuwahi kuomba kupendwa. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kuchambulia kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo walimpa wachambuzi wenzake, wanawake wanane, walipochoka kutukanwa, naye akalipokea kama mtu anayepewa haki yake. Mkulima aliyeficha pilipili mbovu chini ya nzima, Bi Mkali alimwita mwizi hadharani, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Kwa ajili ya wezi hao alijitungia utaratibu wake. Kreti ikifika mbele yake, hakuanza kuchambua za juu kama wenzake. Aliipindua yote ndani ya kreti tupu aliyoiweka miguuni pake, za chini zikawa juu, ndipo akaanza kazi. Ile iliyobaki tupu aliisukuma chini ya meza, ikasubiri mzigo unaofuata. Wenzake walimcheka kwamba anajitwisha kazi mara mbili.

"Ninyi mnaangalia uso tu," aliwajibu, "ndiyo maana waume zenu wamewashinda."

Kisha ikaja mashine. Iliingia pamoja na msimamizi mpya, ambaye wanawake walimbandika jina la Bwana Kompyuta kwa sababu kila asubuhi alisalimia kioo cha kompyuta yake kabla ya watu. Kila mkulima alipewa kreti zake, na kila kreti ikagongelewa ubavuni chipu ndogo kama ukucha. Kreti ikipita kati ya nguzo mbili za chuma pale mlangoni, nguzo zinaisoma chipu kwa mawimbi ya redio, na kompyuta inajua mzigo ni wa nani, umeingia saa ngapi, umeondoka na lori lipi.

"Chipu msiiguse, msiibandue, msiihamishe," Bwana Kompyuta alionya.

Bi Mkali hakuigusa hata siku moja. Mwingine aliyeikaribia, Bi Mkali alimpiga kikumbo.

Miezi minane ikapita. Jumanne moja asubuhi, mwanamume mmoja mkulima alisimama mlangoni akifoka. Wanunuzi walikuwa wamepima pilipili za kreti yake moja na kukuta dawa ya wadudu imezidi kipimo. Kabla lori la saa sita halijaondoka, namba yake ya ukulima ingefutwa kwenye orodha ya walioruhusiwa kuuza, na orodha hiyo ndiyo waliyoisoma wanunuzi wote. Mazao yake yalikuwa yamekomaa shambani, na pengine pa kuyapeleka hapakuwepo.

"Mwezi mzima dawa sijaigusa!" alipiga kelele. "Pampu yenyewe imepasuka, nilinyunyizia kwa mdomo?"

Mwanamume huyo alikuwa mtalaka wa Bi Mkali. Alimwacha na binti wa miaka minne, akaoa jirani, tena jirani wa ukuta kwa ukuta, na kwa miaka kumi na miwili yeye na Bi Mkali hawakusemeshana ila kwa matusi. Bi Mkali alifurahi. Hakuona sababu ya kuficha.

"Chipu haina shemeji wala mjomba!" alimrushia kutoka mezani. "Watu umewazoea. Haya, danganya chuma leo tuone."

Banda zima likaangua kicheko. Bwana Kompyuta naye, kwa kuona ameungwa mkono, akageuza kioo.

"Njoo uone mwenyewe, mama. Picha za maabara hizi hapa."

Bi Mkali akainama na tabasamu lake, na tabasamu likakauka. Vikonyo vya pilipili zile vilikuwa vimekatwa kwa kisu, sawasawa, bila hata mchaniko. Mtalaka wake hakuwahi kuvuna kwa kisu. Alivunja kwa kidole gumba na kuacha vikonyo vimechanikachanika, na katika ndoa yao waligombania jambo hilo kuliko walivyogombania wanawake. Aliyekata namna ile alikuwa mkulima wa ng'ambo ya mto, ambaye kila Jumanne mzigo wake ulifika mezani nyuma tu ya huu wa mtalaka wake.

Alielewa palepale alipoinama. Mzigo wa kila mkulima alikuwa akiupindua ndani ya kreti ya mkulima aliyetangulia, siku nzima, kila siku. Chipu zilibaki mahali pake. Pilipili ndizo zilizohama.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Miaka kumi na tisa amewaita watu wajinga, halafu ajitangaze mjinga mkuu mbele ya mwanamume yule? Alimchukia kwa moyo wote, na chuki ile aliitunza vizuri. Lakini kumfuta mtu kwa pilipili zisizo zake ulikuwa wizi, na yeye wezi hakuwavumilia.

"Usimfute," alisema. "Hizi si zake. Kosa ni langu."

Alieleza kwa maneno machache ya hasira, kana kwamba wao ndio waliokosea. Bwana Kompyuta alikaa kitini polepole.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulete michuma yako."

"Miezi minane?"

"Kumbe kuhesabu unajua."

"Na mimi niliwaambia nini kuhusu chipu?"

"Ulisema tusiguse chipu. Hukusema tusiguse pilipili!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi alisema namba ya yule mkulima haitafutwa. Kisha akamwambia Bi Mkali avue koti, na kwenye meza ile asirudi tena.

Alivua, kifungo kimoja kimoja, akisubiri mtalaka wake acheke. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini mwanamume yule hakucheka. Alikuwa akimtazama msimamizi.

"Yule mjane wa bondeni," alisema. "Msimu uliopita mlimfuta kwa dawa hiyohiyo."

Msimamizi alikigeukia kioo chake.

"Aling'oa mimea yote kwa mikono. Nilikwenda kumsaidia kuing'oa. Alikuwa akilia, hizo si zangu, hizo si zangu. Nami nikamwambia, mama, mashine haisemi uongo."

Bi Mkali alimalizia kifungo cha mwisho.

"Bado anakaa kulekule?" aliuliza.

"Aende wapi?"

"Nipeleke."

"Miguu unayo," alisema mtalaka wake. "Nenda mwenyewe, ukamwambie."

Bi Mkali akaliacha koti juu ya meza, akashika njia ya bondeni.